Feni Zinazunguka, Kioo Cheusi: Historia ya Kompyuta Inayokataa Kuwaka

Umenunua vipande kimoja kimoja kadiri hela ilivyopatikana. Mwezi mmoja prosesa, mwezi uliofuata ubao mama (mtaani tunasema madabodi), kasha umepata la mtumba kutoka kwa jamaa. Umefunga skrubu ya mwisho, umechomeka waya, umebonyeza kitufe. Feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi tii. Hakuna picha, hakuna maandishi, hakuna hata mlio.

Hapo ndipo hela za watu hupotea. Wengi huamua kwamba ubao mama umekufa, au humpelekea fundi ambaye naye anasema umekufa na kuwauzia mwingine. Kumbe mara nyingi hakuna kilichokufa. Mashine imekwama kwenye hatua fulani kabla haijafika mahali pa kuweza kusema imekwama wapi. Hatua hizo zina mpangilio, mpangilio huo una waliouandika, na karibu kila kosa la kawaida kwenye kompyuta mpya lina mwaka wake wa kuzaliwa. Ukiijua historia hiyo, ule ukimya unaanza kusomeka.

Kuku, yai na kamba za buti

Tuanze na tatizo la msingi kabisa. Kompyuta haifanyi lolote bila programu iliyomo kwenye kumbukumbu yake. Kuingiza programu kwenye kumbukumbu nako ni kazi, na kazi ya kompyuta hufanywa na programu. Sasa ile programu ya kwanza kabisa inaingizwa na nani?

Mwaka 1949 kule Cambridge, Uingereza, timu ya Maurice Wilkes iliwasha mashine iliyoitwa EDSAC. Kijana mmoja wa timu hiyo, David Wheeler, aliandika maagizo ya kuanzia. Toleo la kwanza lilikuwa na maagizo 31 tu. Hayakuandikwa kwenye karatasi wala kwenye sumaku. Yalifungwa kwa nyaya kwenye swichi za kuzunguka za aina iliyotumika kwenye mitambo ya simu. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, swichi zinapakia yale maagizo 31 kwenye kumbukumbu, nayo maagizo yanasoma programu yako kutoka kwenye mkanda wa karatasi wenye matundu. Yaani mashine iliamshwa na waya ambao hauwezi kusahau.

Miaka michache baadaye Wamarekani wakaipa kazi hii jina linalotokana na usemi wao wa mtu kujinyanyua kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Jambo lisilowezekana, ndiyo maana jina lilinoga. Neno "kubuti" tunalolisikia kila siku limetoka kwenye buti kweli, zile za miguuni.

Kwa zaidi ya miaka 20 hili lilikuwa jambo la wataalamu waliovaa makoti meupe. Lilikuja kuwa tatizo la mtu wa kawaida Januari 1975, pale jarida la Popular Electronics lilipoweka kwenye jalada lake mashine iitwayo Altair 8800. Kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, Marekani, iliiuza kama vipande kwenye boksi, kwa chini ya dola 400. Unachomelea mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kibodi wala kioo, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256. Sentensi hizi mbili tatu ulizosoma sasa hivi zisingeenea humo.

Mtu aliyemaliza kuiunga Altair alikuwa na safu ya swichi na taa ndogo nyekundu. Kuibuti maana yake ni kupandisha na kushusha swichi, baiti baada ya baiti, mpaka umeingiza kiprogramu cha kusoma mkanda. Umeme ukikatika, unaanza upya. Paul Allen, aliyekuja kuanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, aliruka kwenda Albuquerque mwanzoni mwa 1975 akiwa na mkanda wa lugha ya BASIC waliyoiandika bila kuwahi kuigusa Altair halisi. Ndege ikiwa inakaribia kutua akakumbuka kwamba hawakuandika kile kiprogramu cha kuanzia. Akakiandika palepale kwenye kiti. Kesho yake akakiingiza kwa swichi, mkanda ukasomeka, akaiuliza mashine mbili jumlisha mbili, ikajibu nne. Kiprogramu hicho kisingefanya kazi, pengine historia ya Microsoft ingekuwa nyingine.

Angalia kitu kimoja kwenye Altair. Haikujipima yenyewe. Ikiwa ulichomelea vibaya, taa zilikaa vile zinavyotaka na wewe ulibaki na kipima umeme chako. Kompyuta haikujua kwamba inaumwa.

Kitengo cha Boca Raton

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, namba 5150. Ilitengenezwa na kikosi kidogo kule Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge. Bei ya chini ilikuwa dola 1,565, nayo ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila diski wala kioo. Kompyuta nyingi za mezani unazoweza kuunga leo ni wajukuu wa mashine hii, na kwa suala letu umuhimu wake uko kwenye chipu moja isiyofutika iliyokuwa na programu iitwayo BIOS. Mmoja wa walioiandika ni David Bradley, yuleyule aliyetuachia Ctrl-Alt-Del.

Ukiwasha umeme, prosesa ya 8088 iliruka moja kwa moja hadi anwani iliyo baiti 16 tu kabla ya mwisho wa anwani zake zote, ikakuta pale agizo la kuruka kwingine, na kwingine ndiko kulikokuwa na kipimo cha kujichunguza. Kwa kifupi wanaita POST. Mpangilio wa kipimo hiki ndio ninaotaka uukumbuke kuliko kitu chochote kwenye makala hii.

Kwanza prosesa inajipima yenyewe. Inaweza kujumlisha? Vijisanduku vyake vya ndani vinashika namba? Kama jibu ni hapana, inasimama hapohapo bila neno. Kisha inapima chipu ya BIOS kwa kujumlisha baiti zake zote na kuangalia kama jumla ni ile inayotakiwa. Kisha saa na vidhibiti vya ndani, kisha kilobaiti 16 za kwanza za kumbukumbu. Baada ya hapo ndipo inapogusa kadi ya picha, halafu kumbukumbu iliyobaki, halafu kibodi, halafu diski. Kanuni yake ni kwamba usitegemee kitu ambacho hujakipima. Huwezi kuandika ujumbe kwenye kioo kusema kumbukumbu ni mbovu ikiwa unahitaji kumbukumbu ili kuandika kwenye kioo.

Sasa kama kadi ya picha yenyewe ndiyo mbovu, unamwambiaje mwenye mashine? IBM waliweka spika ndogo ndani ya kasha. Spika inahitaji vitu vichache mno: prosesa na kichipu cha saa kinachoitikisa. Kwa hiyo mashine ilijifunza kusema kwa milio kabla haijaweza kusema kwa maandishi. Mlio mmoja mfupi: niko salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi: kadi ya picha. Mrefu mmoja na mfupi mmoja: ubao mama wenyewe. Kimya kabisa: anza na umeme. Kioo kikishapatikana, ikaongezwa lugha ya namba: 201 kumbukumbu, 301 kibodi, 601 diski laini. Mafundi wa enzi hizo walizijua namba hizi kama kondakta anavyojua vituo.

Na IBM walifanya jambo ambalo leo lingeshangaza. Walichapisha kitabu cha kiufundi kilichokuwa na programu nzima ya BIOS, mstari kwa mstari, pamoja na maelezo ya walioiandika. Mtu yeyote aliyenunua kitabu aliweza kufuata kipimo hatua kwa hatua na kujua mashine yake imefia wapi. Kwa maoni yangu hakuna kompyuta ya mezani iliyowahi kuwa wazi kwa mwenye nayo kiasi kile, kabla wala baada yake.

Jinsi milio ilivyogeuka lugha tofauti

Uwazi ule ulikuwa na mtego wake. Kampuni nyingine zilitaka kuuza mashine zinazoendesha programu zilezile. Vipande vingi vya IBM PC vilikuwa vya kununuliwa sokoni: prosesa ya Intel, mfumo endeshi wa Microsoft. Kitu kimoja kilikuwa mali ya IBM pekee, nacho ni BIOS. Na kwa kuwa ilikuwa imechapishwa, mtu aliyekwisha kuisoma halafu akaandika ya kwake angeweza kushtakiwa kwamba amenakili. Kampuni za Corona na Eagle zilishtakiwa na IBM mwaka 1984, zikakubali kuandika BIOS zao upya.

Compaq ya Houston, iliyoanzishwa 1982, ilipita njia nyingine, ile inayoitwa ya chumba safi. Kundi la kwanza linachunguza BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya kazi zake tu: ukiiuliza hivi, inajibu hivi. Kundi la pili, la watu ambao hawajawahi kuona hata mstari mmoja wa IBM, linapokea maelezo hayo na kuandika programu kutoka sifuri. Mwisho unapata kitu chenye tabia ileile ambacho hakina neno hata moja lililonakiliwa. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ilifanya vivyo hivyo, lakini yenyewe ikaanza kuuza BIOS yake kwa yeyote mwenye hela. Baadaye Award na AMI nao wakawa sokoni.

Hii ndiyo siku ambayo kompyuta ya kuunga mwenyewe iliwezekana. Bila BIOS ya kununua, usingeweza leo kuchukua ubao wa kampuni moja, prosesa ya nyingine na kadi ya picha ya tatu na kutegemea zielewane. Faida kubwa sana. Ila gharama yake tunailipa mpaka leo tukiwa mbele ya kioo cheusi. Chumba safi kilihakikisha kwamba BIOS zinajibu programu kwa namna moja. Hakuna programu inayosikiliza milio, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuilinganisha. AMI wakawa wanahesabu tu: milio minane, tatizo ni kumbukumbu ya kadi ya picha. Award wakabaki na ule wa IBM, mrefu mmoja na mifupi miwili. Phoenix wakabuni mafungu, mlio mmoja, kimya, mitatu, kimya, na kadhalika, mpaka unahitaji karatasi na kalamu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "ikilia mara tatu ni RAM", muulize kwanza: BIOS ya nani? Jibu sahihi limo kwenye kitabu cha ubao wako, si kwenye kumbukumbu ya fundi.

Halafu, taratibu, sauti yenyewe ikatoweka. Makasha mengi ya siku hizi hayaji na spika. Ubao bado una pini nne kwa ajili yake, mara nyingi zimeandikwa SPEAKER, lakini hakuna kilichochomekwa. Mashine inalia, ila haina mdomo. Kispika cha pini nne ni kitu kidogo na rahisi kuliko karibu chochote utakachonunua kwenye kasha zima, na ningekinunua kabla ya taa za rangi. Mbao nyingi za miaka ya karibuni zina vitaa vinne vidogo pembeni, vya prosesa, RAM, kadi ya picha na diski ya kubuti. Kitaa kinachobaki kimewaka ndiyo hatua iliyokwama. Tazama mpangilio wake: prosesa, kumbukumbu, picha, diski. Ni foleni ileile ya 1981.

Mbao za bei kubwa huonyesha tarakimu mbili badala ya vitaa. Hizo nazo zina asili yake. Kuanzia kompyuta ya AT ya 1984, BIOS ya IBM ilipokuwa inaanza kila kipimo ilituma namba kwenye mlango wa 80 kwa hesabu ya msingi wa 16. Ukichomeka kadi maalumu inayosikiliza mlango huo, unaona namba ya mwisho kabla ya mashine kuganda. Mafundi bado wanatembea na kadi za namna hiyo.

Umeme: nyeusi kwa nyeusi

Kabla ya milio kuna umeme, na hapa makosa mengi yana miaka yake kamili.

Kompyuta za zamani zilipata umeme kwa plagi mbili zinazokaa sambamba kwenye ubao, P8 na P9. Zilifanana na ziliweza kuingia zikiwa zimebadilishana. Ukikosea, unachoma ubao. Kanuni waliyofundishana mafundi ilikuwa fupi: nyeusi kwa nyeusi, yaani nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Mwaka 1995 Intel walileta mpangilio wa ATX, plagi moja kubwa inayokubali kuingia upande mmoja tu. Kosa lile likafa.

ATX ilileta kitu kingine. Zamani kitufe cha mbele kilikata umeme wa ukutani chenyewe, waya nene ukitoka nyuma hadi mbele. Kuanzia ATX, kitufe ni ombi tu. Pawa saplai inatoa volti 5 kidogo muda wote, ubao unabaki macho nusu, na kitufe kinagusanisha pini mbili kuuambia "amka". Pini hizo ni ndogo, zimebanana na nyingine, na kuzikosea ni rahisi sana. Ukibonyeza kitufe na hakuna chochote kinachotokea, hata feni, zitafute pini za kitufe kwenye kitabu cha ubao na uziguse zote mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, ubao ni mzima na tatizo ni waya wa kitufe. Umeokoa hela ya ubao.

Kwa wanaonunua pawa saplai zilizotumika kutoka nje, angalia nyuma. Za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Marekani wanatumia takriban 120, Tanzania ni 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka hapa, utasikia mlio ambao haumo kwenye orodha ya BIOS yoyote.

Halafu kuna plagi ya prosesa. Hii ndiyo maarufu kuliko zote: feni zinazunguka, kioo cheusi, na mwenyewe anaapa kachomeka kila kitu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990 prosesa nyingi zilipata umeme wake kupitia plagi kuu, hasa kutoka kwenye njia ya volti 5. Zilipozidi kula umeme, nyaya zikaelemewa. Hesabu yake ni ya sekondari: wati 60 kwa volti 5 ni ampea 12, lakini kwa volti 12 ni ampea 5 tu. Pentium 4 ilipotoka mwishoni mwa 2000, ikaja na plagi ya pembeni ya volti 12, ya pini nne. Leo kwa kawaida ni pini nane, na iko kona ya juu kushoto ya ubao, mahali ambapo mkono haufiki vizuri. Bila hiyo, feni zinapata umeme wao kwa plagi kuu na kuzunguka kwa raha, prosesa haipati kitu. Feni kuzunguka kunathibitisha kwamba feni ni nzima. Basi.

Kadi, RAM na tundu lisilo na kitu

Makosa mawili mengine niyapitie haraka kidogo.

Nyuma ya ubao kuna tundu la kuchomeka kioo. Watu wanachomeka pale hata kama wana kadi ya picha, na wengine hawana kadi na wanategemea tundu hilo. Zamani picha ilitoka kwenye chipu iliyokaa kwenye ubao, kwa hiyo tundu la ubao lilikuwa na picha kila mara. Kuanzia 2010 Intel walianza kuhamishia sehemu ya picha pamoja na prosesa. Tundu likabaki kwenye ubao, chanzo kikahama. Sasa ukinunua prosesa isiyo na picha, kama zile za Intel zenye herufi F mwishoni, tundu lile ni shimo tu. Mashine inaweza kuwa imebuti vizuri kabisa, inakusubiri, na wewe unaitazama kioo cheusi.

RAM nayo: isukume mpaka isikike tak! Vipande viwili kwenye ubao wa nafasi nne kwa kawaida huwekwa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Sababu ni ya fizikia. Kwenye mbao nyingi nyaya hupita nafasi ya kwanza zikaishia ya pili. Ukiweka RAM kwenye ya kwanza tu, kipande cha waya kinabaki kinaning'inia, na mawimbi ya umeme yanafika mwisho wake na kurudi kama mwangwi ukutani. Kwa mwendo wa RAM za miaka ya 1990 mwangwi huo haukusumbua sana. Kwa RAM za leo unaweza kutosha kuzuia mashine isiwake.

Kama bado haijawaka, rudi Boca Raton. Toa kila kitu ambacho kipimo cha kwanza hakikihitaji: diski, kadi za ziada, kibodi, kipande cha pili cha RAM. Utoe ubao nje ya kasha uuweke juu ya boksi lake la karatasi, maana wakati mwingine skrubu iliyopotea au kifaa cha kuinulia ubao kilichokaa pasipo na tundu kinaugusisha na bati. Bakiza prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, njia moja ya picha. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Ukifanya hivyo unafanya kwa mikono yako kile POST inachofanya kwa programu, unaanza na vichache na unaongeza kile tu ulichokwisha kukipima.

Ubao uliozaliwa kabla ya prosesa

Kuna kosa moja ambalo hakuna bisibisi inayolitibu. Vipande vyote ni vizima, vimekaa sawa, na mashine haiwaki.

Mwanzoni BIOS ilikuwa kwenye chipu isiyobadilishika. Miaka ya 1990 zikaenea chipu zinazoweza kuandikwa upya. Hatari yake ilionekana tarehe 26 Aprili 1999, kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, kilipolipuka na kufuta BIOS za kompyuta nyingi duniani. Mashine hizo hazikuwa na hata baiti ya kuanzia. Zilirudi kwenye hali ya EDSAC isiyo na swichi zake.

Lakini chipu ya kuandikwa upya ilileta pia ahadi: ubao wa leo utaweza kupokea prosesa ya mwakani, sasisha BIOS tu. AMD waliishi kwa ahadi hiyo na soketi yao ya AM4. Februari 2018 walitoa prosesa mpya za Ryzen zenye picha ndani. Zilikaa kwenye mbao zilizokuwa tayari madukani, ila mbao hizo zilikuwa na BIOS ya zamani isiyozijua. Na ili usasishe BIOS unahitaji mashine inayowaka. Kuku na yai tena, baada ya miaka 69. Suluhisho la AMD lilikuwa la kuchekesha na la kiungwana kwa wakati mmoja: walikuwa wanamtumia mteja prosesa ndogo ya A6-9500 kwa mkopo, awashe mashine, asasishe, kisha airudishe.

Mbao nyingi za sasa zina kitufe nyuma kinachokuruhusu kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa kabisa. Kama ubao wako unacho, na prosesa yako ni mpya kuliko ubao, kitumie kabla hujalaumu kitu kingine. Tovuti ya mtengenezaji ina orodha ya prosesa na toleo la BIOS ambalo kila moja inahitaji. Isome kabla ya kununua, tena linganisha na stika iliyobandikwa kwenye ubao au boksi.

Na la mwisho ni jipya kuliko yote. Mwaka 2022 AMD walileta soketi ya AM5, inayotumia RAM ya DDR5 tu. Mwendo wake ni mkubwa kiasi kwamba tofauti ndogo ya urefu wa waya kwenye ubao inachelewesha mawimbi kiasi cha kuharibu usomaji. Kwa hiyo kabla ya chochote, mashine inajaribu kila waya: inaandika, inasoma, inasogeza muda kidogo, inaandika tena, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha. Kwenye prosesa hizo za AMD kazi hii hufanyika hata kabla viini vikuu havijaamka, ikisimamiwa na kiprosesa kidogo kilichofichwa ndani. Kioo muda huo ni cheusi. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na ukiwa na RAM nyingi ni zaidi. Wengi walidhani mashine zao zimekufa, wakazima katikati, wakawasha tena, na kila walipozima kazi ilianza upya.

Majibu ya jaribio hilo huhifadhiwa, kwa hiyo mara ya pili mashine huwaka haraka. Ukifuta mipangilio ya BIOS au ukihamisha vipande vya RAM, itajaribu tena kuanzia mwanzo. Basi ukiwa umeunga mashine ya DDR5 na unaibonyeza kwa mara ya kwanza, tazama saa, weka bisibisi chini, na uipe dakika kumi kamili kabla hujagusa kitu.